Mvuke tunao, je, seli zitadumu?

Mwandishi wa makala kuhusu haidrojeni ameeleza vizuri namna mvuke wa jotoardhi, kama ule unaotafutwa kule Ngozi, mlima wa volkano hapa Mbeya, unavyoweza kutenganishwa kwa umeme ili kupata haidrojeni. Lakini uhai wa seli zenyewe, yaani vifaa vinavyoutenganisha mvuke huo, ameupitia juu juu, na hapo ndipo penye kazi.

Seli hizi za seramiki huendeshwa kwenye nyuzi joto 700 hadi 850. Upande wa oksijeni, nyingi hupakwa oksidi ya lanthani, strontiamu na manganizi juu ya zirkonia, tabaka la seramiki lililo katikati ya seli. Mkondo wa umeme ukizidishwa, oksijeni huzalishwa pale tabaka mbili zinapokutana, hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, elektrodi, yaani tabaka hilo lililopakwa, hubanduka. Ni kama lipu ya ukuta wenye unyevu: kwa macho nzima, ukiigonga inalia tupu. Sehemu iliyobanduka haifanyi kazi tena, na iliyobaki hubeba mzigo wote, nayo inachakaa haraka zaidi. Upande wa mvuke, nikeli, metali ya elektrodi ya upande huo, huhama taratibu ikiiacha zirkonia.

Mama zetu wafinyanzi wa Ikombe wanajua chungu kinachoshtushwa na moto hupasuka. Umeme ukikatika, seli zikapoa ghafla, tabaka zisizosinyaa sawasawa huachana. Hapa Mbeya kukatika kwa umeme si habari ngeni.

Dawa ipo: mwaka 2015 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba seli ikigeuzwa mara kwa mara izalishe umeme badala ya kuutumia, uharibifu ule unaoletwa na mkondo mkubwa unaweza kuzuiwa. Naomba makala ijayo ituambie seli zinazopendekezwa zimejaribiwa saa ngapi, na kwa mkondo gani.