Konokono Tu Huyo?

Wiki iliyopita nilipanda matatu hadi Miritini kumtazama binamu yangu akichimbiwa shimo la choo. Kukaa kivulini na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, hiyo kazi naiweza. Chini kidogo udongo ukageuka mwamba wa kijivu, ule unaomeguka tabaka kwa tabaka. Mtaimbo ukang'oa jiwe lililojisokota kama donge la chapati kabla halijasukumwa, mifuo yake yote ipo, unaihesabu mmoja mmoja. Nikanyoosha mkono. Fundi akaniwahi.

"Konokono tu huyo, dada."

Nyundo ikashuka. Vipande vikatupwa kwenye msingi wa ukuta.

Konokono tu! Yule ni amonaiti, wa ukoo mmoja na pweza na ngisi, aliyeogelea hapo Miritini wakati bahari imefunika kote huko, na kule Lindi, Tanzania, dinosaria wanakanyaga tope pale ambapo leo pana kilima cha Tendaguru. Miaka milioni 150 na ushei. Matumbawe tunayojivunia, yaliyojenga Mji wa Kale na kubeba Fort Jesus, kwake ni vitukuu.

Fundi simlaumu. Haya, namlaumu kidogo, nyundo ingesubiri. Lakini nani alimwambia? Mimi mwenyewe nimesoma hapa hapa Mombasa nikijua dinosaria ni mambo ya Marekani na katuni. Na huku Mjerumani Beyrich aliandika kuhusu amonaiti wa Mombasa mwaka 1877, miaka 19 kabla reli haijaanza kujengwa! Berlin wanayajua mawe ya uani kwetu, sisi tunayashindilia msingi.

Tendaguru ndiyo usiseme. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, ikabebwa na wachukuzi kwa miguu hadi Lindi, ikapakiwa melini, na leo mmoja wa majitu yale amesimama Berlin, kimo cha mita 13. Msimamizi wa uchimbaji huo, Boheti bin Amrani, alingoja hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii.

Najua mtakalosema: ingebaki huku ingesagwa kokoto. Kwa niliyoyaona Miritini sina jibu, na hilo ndilo linalonichoma. Sidai jumba la makumbusho. Nataka picha moja ya amonaiti ukutani, kwa Kiswahili, katika kila darasa la Changamwe na Miritini, ili mtoto wa fundi amwambie babake, "Ngoja kwanza."

Kipande kimoja nilikiokoa. Mama amekiweka juu ya friji, na kila siku aniuliza kama hakitanuka.