Kinyama kimefika, nani wa kukikata?

Mama mkwe wangu anaamini nafanya kazi mochwari. Nikienda Jang'ombe, hapa Unguja, kumwamkia, hunitazama mikono kwanza, ndipo anikaribishe chakula. Nimeshamwambia mara ngapi: "Mama, ninavyokata ni vinyama vya watu walio hai." Hapo ndipo anapozidi kuogopa.

Simlaumu, kwa sababu kazi yenyewe haina jina. Kwenye barua ya ajira mimi ni mtu wa maabara, sawa na mwenzangu anayepima malaria na sukari. Lakini siku yangu huishia mbele ya ubao wa kukatia, kisu mkononi, fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ikiniwasha macho. Kinachotoka chumba cha upasuaji, kiwe kizazi, titi au kipande cha utumbo, nakipiga rula, nakiweka kwenye mizani, nazipaka wino kingo zake, nakipasua, naandika ninachokiona, kisha nachagua vipande vya kutia kwenye kaseti, yaani vijisanduku vidogo vya plastiki. Vinalala usiku kwenye mashine, vinaingizwa nta, vinakatwa kwa unene wa maikroni 4 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na kutiwa rangi. Baada ya hapo ndipo daktari wa patholojia, anayetambua ugonjwa kwa kutazama vinyama, anapoinamia darubini.

Anaona nilichomchagulia tu. Titi linaweza kujaa sahani, na kaseti inachukua kipande kidogo kama stempu. Nikiruka pale penye ugonjwa, hata darubini ya bei gani haitauona. Wauza samaki wa Darajani wanalijua hili kuliko sisi: kijana hapewi kisu mpaka ajue nyongo iko wapi.

Chukua utumbo mpana wenye saratani. Kawaida inayofuatwa duniani ni kutafuta tezi za limfu, vijitezi vinavyochuja maji ya mwili, zisizopungua 12 kwenye mafuta yanayouzunguka, maana huko ndiko ugonjwa unakokimbilia kwanza. Nyingine ni ndogo kama choroko, na rangi yake ni ile ile ya mafuta. Nikipata 5 nikachoka, mgonjwa anaweza kuambiwa haujasambaa, na kumbe tezi yenyewe imo kwenye ndoo ya taka. Hili sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na mzee mmoja wa kazi, siku hizi kastaafu, aliyeniambia nifumbe macho nipapase.

Ndiyo maana nasema tuache kungoja madaktari wa patholojia waongezeke, tusomeshe mtu wa kukata. Marekani kazi hii ina jina lake, "pathologists' assistant", yaani msaidizi wa daktari wa patholojia, tangu 1969, Dkt. Thomas Kinney alipoanzisha mafunzo yake Chuo Kikuu cha Duke. Leo wanaisomea miaka 2 hivi ngazi ya uzamili, wanafanya mtihani, na wanafanya kazi chini ya daktari. Majibu hawatoi wao. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaohofia kwamba fundi akipewa kisu atajifanya daktari.

Sisemi tunakili mtaala wao neno kwa neno. Wao wanajifunza sana na kupasua maiti, na hapa kwetu mtu akifa alfajiri ameshazikwa kabla ya laasiri. Sisi tunataka mtu anayejua kizazi, titi, utumbo, na kibofu. Kibofu nakitaja makusudi, kwa kuwa kichocho ni chetu, na mayai yake yakikaa humo miaka huweza kuzaa saratani. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana skuli ya afya pale Mbweni. Mwaka 1 wa ziada juu ya stashahada ya maabara, nusu yake mezani na kisu, ungetosha kuanzia. Na asiniambie mtu kwamba vijana wetu hawawezi: kule Wawi, Pemba, kwenye maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa 2000, Wapemba wanahesabu mayai ya minyoo kwa darubini bila kusimamiwa na mgeni.

Huyo huyo fundi wa kukata angewafundisha na wanaotuletea vinyama. Kuna kituo, sitokitaja, kilituletea titi zima kwenye ndoo ya rangi, limeelea ndani ya maji ya dripu, limekesha melini. Fomalini hupenya kama milimita 1 kwa saa, na inatakiwa iwe mara 10 ya kinyama chenyewe. Ile ndoo haikuwa na hata tone. Tulipoifungua, dirisha lilibaki wazi mpaka magharibi. Yule mama hakupata jibu, na titi lake lilikuwa limeshakatwa.

Wiki iliyopita uliletwa mguu wa mgonjwa wa sukari. Nje alikuwa amesimama mzee wa kanzu, ndugu yake. "Mwanangu, mtamaliza lini? Kaburi lishachimbwa." Daktari alikuwa Dar, simu haipokewi. Nilichukua kipande cha pale ulipokatwa, cha mshipa mkubwa wa damu, na cha kidonda ambacho ukingo wake sikuupenda. Nikarudi tena nikakata cha pili hapo hapo kwenye ukingo. Kisha nikauvingirisha kwenye shuka nyeupe aliyokuja nayo, nikamkabidhi, akaupakia kwenye gari wakaenda kuuzika.