Chombo cha njumu kimetoka wapi? Kiulize kitako

Mtu akipata chombo cha kale cha udongo kilichotiwa njumu, yaani pambo la udongo wa rangi nyingine uliojazwa ndani yake, picha ya kwanza anayoipiga ni ya pambo: korongo weupe wanaoruka kati ya mawingu, safu za maua madogo, mistari iliyosokotwa ikapishana. Ndiyo picha anayompelekea mjuzi akitaka kujua chombo kimetoka wapi. Mjuzi akimjibu, "Kigeuze, nionyeshe kitako," mwenye chombo huhisi amepuuzwa.

Nyuma ya jibu hilo kuna ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaotafuta asili katika pambo: mtindo wa ua, mpangilio wa mistari, nembo, maandishi, na hati za kale zinazotaja chombo. Wapo wengine wanaoanza na yale yasiyovutia macho: rangi ya udongo pale ulipo wazi, alama za joko (tanuri la kuchomea vyombo), namna kitako kilivyochongwa, na mwishowe vipimo vya maabara. Hawa wa pili husemwa kuwa ni watu wa vumbi, wasio na jicho la sanaa. Kwenye vyombo vya njumu, kuliko aina nyingine nyingi za ufinyanzi, nadhani wanaonewa.

Sababu imo katika ufundi wenyewe. Mfinyanzi huchora pambo kwa kuchimba au kugandamiza muhuri udongo ukiwa bado na unyevu kidogo, hujaza udongo wa rangi nyingine katika mashimo, hukwangua uliozidi, halafu hupaka glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika chombo. Kazi inataka subira, lakini haina siri. Kaure ya China iliwashinda Wazungu kwa karne nyingi kwa sababu ilihitaji udongo maalumu na moto mkali ambao hawakujua kuupata. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilianza mwaka 1710. Njumu haikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Fundi hodari akikishika chombo kimoja mkononi, akakitazama palipobanduka, atajua kilivyotengenezwa. Ndiyo maana inaonekana Korea katika karne ya 12, kwenye sakafu za makanisa ya Uingereza katika karne ya 13, na Ufaransa katika karne ya 16. Kitu kinachoigika kwa wepesi namna hiyo ni shahidi dhaifu wa mahali kilipozaliwa.

Hata hivyo wanaosoma pambo wana hoja nzito, na Korea ndiyo ngome yao. Seladoni (vyombo vya glezi ya kijani) za njumu za enzi ya Goryeo (918–1392), zilizotoka hasa katika majoko ya Gangjin na Buan kusini-magharibi mwa nchi, zina sura yake: udongo mweupe, pamoja na ule wenye chuma unaogeuka mweusi motoni, vyote chini ya glezi ya kijani chenye ukijivu. Makaburi yakasaidia kupanga miaka. La Mfalme Injong, aliyefariki 1146, lilikuwa na seladoni nzuri zisizo na njumu. La afisa Mun Gongyu, aliyefariki 1159, lilikuwa na bakuli la njumu iliyokwisha kukomaa. Kutokea hapo jicho lililozoea linaweza kufuata safari ya pambo hadi enzi iliyofuata, ya Joseon, na vyombo vya buncheong, vilivyojaa maua madogo ya muhuri. Na huko pambo lilipata msaada wa maandishi: mwaka 1417 serikali iliamuru vyombo vya ofisi zake viandikwe jina la ofisi, kwa kuwa vilikuwa vinaibwa. Vingine vina jina la wilaya pia. Wezi wa wakati ule wametuachia ushahidi bora kuliko wafinyanzi.

Kama historia ingeishia hapo, ningekubali kwamba korongo na maua yanatosha. Lakini kati ya 1592 na 1598 majeshi ya Toyotomi Hideyoshi yaliivamia Korea, na yaliporudi Japani wafinyanzi wengi wa Kikorea walichukuliwa hadi kisiwa cha Kyushu. Ukoo wa Hosokawa ulipohamia jimbo la Higo mwaka 1632, majoko ya Koda huko Yatsushiro yakaanza kutoa vyombo vya njumu nyeupe, kazi ya mikono iliyofundwa na Wakorea, kwa ajili ya mabwana wa Kijapani na chai yao. Sasa shika bakuli lenye korongo wa njumu nyeupe. Pambo ni la Kikorea, na mkono huenda ni wa mjukuu wa Mkorea. Udongo ni wa Kyushu. Ukiuliza pambo, litakujibu "Korea" kila mara, na litakuwa limekosea bila kudanganya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sijui kama walikuwa wanafikiria vyungu, lakini hapa wamepatia.

Mambo hayakutulia baadaye. Wakati wa ukoloni wa Japani nchini Korea (1910–1945) seladoni za Goryeo zilinakiliwa kwa ajili ya wanunuzi waliozitamani, korongo walewale na mawingu yaleyale. Kisha Shimaoka Tatsuzō, mfinyanzi wa Mashiko aliyetambuliwa na serikali ya Japani mwaka 1996 kuwa hazina hai ya taifa, akachukua njumu ya buncheong akaichanganya na alama za kamba za ufinyanzi wa kale kabisa wa Japani. Yeye hakumficha mtu chochote. Lakini mpe asiyemjua kipande chake bila maelezo, umwambie akitaje kwa pambo tu.

Uingereza inatoa somo lilelile kwa njia nyepesi zaidi. Vigae vya sakafu vya enzi za kati, vyekundu vyenye njumu nyeupe, kama vile vya abasia ya Chertsey, vilikuja kunakiliwa katika karne ya 19. Samuel Wright alichukua hataza mwaka 1830, Herbert Minton akaiendeleza, na baada ya muda mfupi sakafu za makanisa mengi na za Bunge la Westminster zikajaa simba, maua na duara zilizonakiliwa moja kwa moja kutoka vigae vya kale. Kwa juu, kilichochakaa cha karne ya 19 kinaweza kumchanganya mtu makini. Kigeuze. Vigae vingi vya kale vya kusini mwa Uingereza vina mashimo yaliyokwanguliwa kwa kisu ili chokaa ishike. Vya kiwandani viko sawasawa, na mara nyingi vina jina la mtengenezaji lililogandamizwa. Hapo ubishi umekwisha.

Kesi ninayoirudia mara kwa mara, hata hivyo, ni ya Ufaransa, kwa sababu ndiko wasomaji wa pambo walikopata kila walichokitaka na bado wakatangatanga. Kuna vyombo kama 70 hivi vilivyosalia, vya karne ya 16, vyeupe kama pembe, vyenye njumu ya kahawia na nyeusi iliyogandamizwa kwa mihuri midogo mno, kazi inayokaribia ya mfua dhahabu. Vina nembo za watu wakubwa, hilali za Mfalme Henri II na alama za ukoo wa Montmorency. Ushahidi gani wa pambo ungeweza kuwa mwingi kuliko huo? Basi wakaviita vyombo vya Henri II. Katika miaka ya 1860 mtafiti Benjamin Fillon akasema hapana, vilitengenezwa katika kasri la Oiron chini ya bibi mmoja mtukufu, Hélène de Hangest, na makumbusho yakabadilisha lebo. Mwaka 1888 mtafiti mwingine, Edmond Bonnaffé, akaja na orodha ya mali ya mwaka 1542 iliyotaja vyombo vya udongo wa Saint-Porchaire, kijiji cha magharibi mwa Ufaransa, na lebo zikabadilishwa tena. Jina hilo ndilo linalotumika hadi leo.

Angalia kilichotokea. Nembo inamtaja mwenye chombo au aliyekusudiwa kupewa, haimtaji aliyekifinyanga. Orodha ya mali inataja udongo, na udongo husafirishwa. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale mjini Paris, katika eneo la Tuileries palipokuwa na karakana ya Bernard Palissy, mfinyanzi mashuhuri wa karne hiyo ya 16, walifukua mabaki yanayohusiana na kazi ya aina hii, na swali likafunguka upya: je, udongo mweupe ulitoka magharibi na mikono ikawa ya Paris? Wataalamu wa uhifadhi wa National Gallery of Art mjini Washington walivichunguza vyombo hivi katika miaka ya 1990, wakivitazama hadi ndani ya kuta zake kwa eksirei, na kazi ya aina hiyo ndiyo iliyoanza kuuliza maswali yanayojibika: chombo kiliunganishwaje, kipande kipi ni cha asili, kipi kilibandikwa na fundi wa karne ya 19. Swali hilo la mwisho si dogo. Charles Toft wa kiwanda cha Minton alitengeneza nakala nzuri za vyombo hivi, na palipo na fundi wa kunakili hapakosi fundi wa kukarabati. Majina matatu kwa vyombo 70, na kila jina lilitolewa na watu wenye elimu, macho makali na hati mkononi.

Upande ninaouelemea nao una mipaka yake, na wanaouuza kama dawa ya kila kitu wanauharibia sifa. Kipimo cha thamoluminisensi kinataka unga kidogo uliotobolewa chomboni, nacho hueleza ni lini udongo ulichomwa mara ya mwisho. Mahali hakijui kabisa. Mwongo mwenye subira anaweza kuunganisha kitako cha kale na mwili mpya, akategemea kwamba kitakachotobolewa ni kitako. Mashine ya mkononi ya eksirei, inayopendwa na wauzaji kwa kuwa haitoboi, mara nyingi husoma glezi badala ya udongo ulio chini yake. Uchambuzi kwa nyutroni unaweza kutenganisha udongo wa bonde moja na la jirani, lakini huwa kipofu pasipo magae yaliyofukuliwa jokoni ya kulinganishia. Hata alama tatu ndogo nyeupe zilizoachwa chini ya seladoni bora za Goryeo na vijiwe vilivyozishikilia jokoni, alama ninazozipenda kuliko korongo wowote, zimeigwa na wanakili waliozijua.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika namna makosa yanavyojitokeza. Anayetegemea kitako akikosea, kosa lake huonekana: magae mapya yakifukuliwa, kipimo kikirudiwa, atasahihishwa kwa jambo mahususi. Anayetegemea pambo anaweza kukosea kwa miaka 80 akiwa na heshima zake zote, maana jozi ya nembo na hadithi nzuri haina mahali pa kuvunjikia. Na kitako kina faida nyingine isiyosemwa sana: mfinyanzi hakukifanyia kitako maonyesho. Pambo alilifanya kama mteja alivyotaka, hata kama mteja alitaka lifanane na la ng'ambo. Kitako alikichonga kwa mazoea ya mkono aliyofundishwa akiwa kijana.

Je, mwenye chombo akubali kitobolewe? Si kila mara, na hapa ninaachana na wapenda maabara. Kutoboa kuna maana pale jicho na kitako vimekwisha kupunguza majibu hadi mawili, na pande zote mbili kuna magae ya kulinganishia. Bakuli linalobishaniwa kati ya Korea na Yatsushiro linafaa: huo ni mjadala wa udongo dhidi ya udongo. Chombo kinachodaiwa kuwa cha Saint-Porchaire, ambacho hakuna joko lake lililothibitishwa kijijini hapo, kitatobolewa ili kipate namba zisizo na pa kwenda. Hicho kipigwe eksirei kwanza, kitafutwe viungo na viraka vyake, na lebo iandikwe "Ufaransa, karne ya 16" bila kijiji chochote.

Na anayeomba msaada atume picha ya chini ikiwa imepigwa kwenye mwanga wa pembeni, nyingine ya palipobanduka, na uzito wa chombo. Korongo waje baadaye.