Injini Nyingine, Ugonjwa Uleule

SUV kubwa hushuka bei upesi, lakini spea zake hazishuki. Ndiyo maana mtu anaweza kuinunua iliyotumika kwa bei ya gari dogo jipya, akatamba nayo miezi kadhaa, kisha injini ikaanza kunoki (kugonga kwa ndani), au gia ikawa inachelewa kuingia na ikiingia inapiga kama teke. Akiomba ushauri atakutana na kambi mbili. Moja itamwambia ashushe injini hiyo afunge nyingine. Ya pili itamwambia aifumue hiyohiyo na kuisuka upya. Kila kambi ina mfano wa jirani aliyefaulu. Jirani aliyelia mara mbili hatajwi.

Wanaotetea kubadilisha wana hoja nzito. Injini nzima ina bei inayojulikana kabla ya spana ya kwanza kushikwa, na fundi mzoefu huimaliza kazi ndani ya siku chache. Kusuka upya hakuna bei mpaka ufungue: ulikwenda kwa ajili ya ringi za pistoni, ukakuta silinda zimeliwa, kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ina mikwaruzo na hedi, kifuniko cha juu ya silinda, imepinda. Tena kazi yenyewe inadai usafi ambao karakana nyingi hazina. Punje chache za chuma zikibaki kwenye njia ya oili baada ya kuchonga silinda, beringi mpya hazitafika mbali.

Hata watengenezaji wenyewe hukwepa kufumua. Toyota ilipogundua kwamba mabaki ya chuma kutoka kiwandani yamesalia ndani ya injini za V6 (za silinda sita) za baadhi ya Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, magari karibu 100,000 nchini Marekani, mwaka 2024 iliamua kufunga injini mpya badala ya kusafisha zilizopo. Mwaka uliofuata General Motors iliyaita tena magari karibu 600,000 yenye V8 ya lita 6.2, yakiwemo Escalade, Tahoe na Yukon, kwa kasoro za kranki na koni rodi, mikono inayounganisha pistoni na kranki. Injini iliyofeli ukaguzi ikapata nafasi ya kubadilishwa, iliyofaulu ikapewa oili nzito zaidi. Kama aliyeiunda haoni faida ya kuifumua, fundi wa mtaani ni nani?

Ila hapo pana mtego. Kampuni hizo zilifunga injini mpya. Mwenye SUV kuukuu anafungiwa injini iliyotolewa kwenye gari lililogonga au lililokatwa, yaani ananunua historia ya mtu asiyemjua. Niliwahi kusimama kando ya V8 moja iliyokuja imefungwa kwenye nailoni, nje imeoshwa mpaka inang'aa, na muuzaji akiapa kwamba ilitembea kidogo. Fundi hakusema neno. Alifungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, akakitoa kimepakwa tope jeusi zito kama grisi iliyooza. Oili haiwi hivyo kwa kutembea kidogo.

Lakini tuseme injini uliyoipata ni safi. Bado swali kubwa halijajibiwa: ya kwanza iliuawa na nini? Hapa ndipo kambi zote mbili huteleza, kwa sababu mara nyingi muuaji hakai ndani ya injini. Chukua dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KD-FTV iliyofungwa kwenye Land Cruiser Prado. Washa (pete) za shaba zilizo chini ya nozo zinazopuliza dizeli zikichoka, gesi ya mwako huvuja, masizi yakashuka kwenye oili, yakaenda kuziba chujio la kufyonzea lililo ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini. Injini inakufa kwa kukosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha imejaa. Ukifunga injini nyingine ya aina hiyohiyo bila kubadilisha washa na kufungua sampu, umeanza kuhesabu siku upya.

Beringi zikisagika, unga wake unatembea na oili hadi kwenye kipoza oili na kwenye tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini. Vitu hivyo viwili mara nyingi huhamishwa kutoka injini iliyokufa na kufungwa kwenye iliyo hai, kwa hesabu ya kubana matumizi. Mimi naona ni kama kumnywesha mgonjwa mpya kwa kikombe cha marehemu.

Kwa injini, basi, naegemea upande wa kusuka upya, ila kwa masharti. Bloku iwe ya aina inayokubali. 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, au V8 ya 2UZ-FE, zina bloku za chuma cha kusubu: unachonga silinda, unatia pistoni za saizi ya juu, zinaendelea na maisha. V8 nyingi za Ulaya zina silinda za aluminiamu yenye silikoni, na Porsche Cayenne za V8 zinajulikana kwa silinda kuchubuka. Hizo zinataka mitambo na ujuzi maalumu. Kama havipo karibu nawe, tafuta injini nyingine, ila dai kupima kompresheni na kuchungulia silinda kwa kamera kabla ya kulipa.

Kuna pia njia ya katikati ambayo mabishano haya huisahau. V8 ya lita 5.3 ya General Motors yenye mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kubana mafuta ina sifa mbaya ya lifta (visukuma valvu) kukwama na kula kemshafti, shafti inayozisukuma. Ikikamatwa mapema, unabadilisha lifta na kemshafti, na sehemu ya chini ya injini hubaki ilivyo.

Kwenye giaboksi ya otomatiki nageuka kabisa. Humo mna sahani za klachi, sili za mpira na valvu bodi yenye njia nyembamba za oili, na nafasi kati ya sahani hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Fundi hodari wa injini anaweza kuifunga vizuri kwa macho na bado isitembee. Ya mtumba nayo ina sili zilizokauka na oili ambayo huenda haijaguswa tangu kiwandani, maana kampuni nyingi za magari huwaambia wateja kwamba oili hiyo ni ya maisha. ZF, inayotengeneza giaboksi ya gia nane inayotumika kwenye Range Rover na BMW X5, yenyewe inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nalipa zaidi kwa giaboksi iliyosukwa na wataalamu wake, ikapimwa kwenye mtambo na kuja na tork konvata yake, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi.

Hata hiyo haitapona ikirudishwa kwenye mabomba machafu. Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilikuwa na kipoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta. Kikipasuka, maji ya rejeta yanachanganyika na oili, inageuka povu la waridi, na gundi ya sahani za klachi inaachia. Anayebadilisha giaboksi akaacha rejeta ileile atarudi karakana na povu lilelile.

Kwa hiyo nikikuta tangazo la SUV lenye maneno "injini imefungwa juzi", risiti ya injini huwa siiulizi kwanza. Naomba kuona ya rejeta, ya kipoza oili na ya nozo. Muuzaji akiniuliza kwa nini nataka hizo, huwa nimeshapata jibu langu.