Gitaa Ndilo Lifuate Ilimba

Wengi wanaotaka kutengeneza muziki wa saikedeliki, ule wa sauti za kindoto, kwa ala za asili huanzia pabaya. Wanafungua kompyuta, wanatandika gitaa na kinanda, kisha wanatafuta ilimba, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ya kupachika juu. Ilimba ikisikika kama imetoka nje ya noti, wanaivuta kwa programu mpaka ikae sawa na kinanda. Hapo kazi imeshaharibika, na hakuna mwangwi utakaoiokoa. Kinachopaswa kuhama ni gitaa.

Sababu yake inapimika. Wagogo wa Dodoma hujenga muziki wao juu ya sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja ya chini: mara tano ya mtetemo wake, mara sita, saba, hadi tisa na kumi. Chukua D ya Hz 73.4, yaani mitetemo 73.4 kwa sekunde. Mara tano yake ni 367, lakini F# ya kinanda iko 370. Mara saba ni 514, na C ya kinanda ni 523. Zipige pamoja hizo mbili za mwisho: tofauti ya Hz 9 inageuka mitikisiko tisa kila sekunde, mgongano unaoua utulivu wote wa wimbo. Zote zikikaa 514, mtikisiko unakoma. Ongeza A ya 440, ile ya mara sita, kwa nguvu na sikio linaanza kusikia D ya chini kabisa ambayo hakuna aliyeipiga. Watu wananunua mashine za bei kubwa kutafuta maajabu ya namna hiyo, na ilimba inayo tayari!

Kwa hiyo legeza gitaa. Kuanzia uzi mnene: D, A, D, F#, A, C. Kisha tumia kipima noti kinachoonyesha senti, yaani sehemu ya mia ya nusu noti: F# ishuke senti 14, A zote zipande senti 2, C ishuke senti 31. Uzi wa kwanza umetoka E hadi C, kwa hiyo ule mwembamba wa namba 10 utalegea na kugonga mbao. Weka wa 13. Usibonyeze nyuzi ovyo, maana vyuma vya shingoni vimepangwa kwa noti za kinanda na vitakurudisha kulekule. Piga nyuzi wazi, au telezesha kipande cha bomba. Namba hizi ni za kuanzia tu. Kila fundi ana sikio lake, hivyo kabla ya kugusa gitaa rekodi kila ulimi wa ilimba peke yake, uache ufifie wenyewe, ndipo upime.

Jambo la pili ni mvumo. Sanduku la ilimba lina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutoa mvumo kama wa nyuki juu ya kila noti. Maprodyuza huudhani uchafu, wakaupitishia programu ya kuondoa kelele. Kinachobaki ni mlio mkavu wa chuma usio na mkia. Mvumo unapangwa kwa maikrofoni: sentimita 50 hivi kutoka kwenye sanduku, pembeni kidogo ya vidole gumba ili kucha zisisikike sana. Ukisogea hadi sentimita 15, mvumo utameza noti. Rekodi kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli −12, kwa kuwa mdonoo wa ulimi ni wa ghafla na taa za kinasa sauti huweza kuchelewa kuuonyesha.

Sauti za mazingira zirekodiwe palepale na saa ileile, dakika tatu bila mtu kuongea. Sponji inayokuja na kinasa sauti haitoshi kwa upepo wa uwandani. Vika kifuniko cha manyoya. Kata kila kilicho chini ya Hz 80. Nyenje wa usiku ni wazuri, ila wanalia juu sana, eneo lilelile la mvumo, na ukiwaweka chini ya ilimba vyote viwili vinapotea. Wape utangulizi, ilimba ikiingia wapungue. Kengele za ng'ombe na hatua za watu hazina shida hiyo.

Ukitaka kupunguza mwendo, punguza kama kanda, sauti ishuke pamoja na kasi. Nusu inashusha D hadi D ya chini. Robo tatu inaishusha hadi A safi, iliyomo tayari kwenye gitaa lako. Programu zinazorefusha sauti bila kuishusha humegamega mvumo ukawa kama maji machafu.

Kwamba ndoa hii inawezekana, Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo, alikwishaonyesha na mpiga gitaa Michael Brook katika Assembly, albamu ya mwaka 2002. Kwenye kazi nyingi za sasa, mpigaji wa kijijini huandikwa "sauti za asili" tu. Patana naye malipo kabla ya kubonyeza kitufe, mwandike kama mtunzi kwa jina lake kamili, na umpelekee nakala asikie kabla haijatoka. Akisema noti ya mara saba, ile C, imepinda, rudi kwenye gitaa.