Kiwanja cha kivumbasi, na mwarobaini uliokwishamea

Nyuma ya msikiti wetu huku Kisauni pana kiwanja cha mtaa ambacho kwa miaka kimekuwa vumbi na chupa za plastiki. Vijana wanataka kukirudishia mimea ya asili: kivumbasi, mkwaju, na nyasi ziachwe zitoe maua, nyuki na vipepeo wapate riziki. Kikao kilikaribia kuvunjika. Wazee walihofia nyoka. Vijana nao walitaka kila mwarobaini ukatwe.

Hoja ya nyuki sina ubishi nayo. Jirani yangu amepandisha maboga ukutani. Ua la kike huchanua likiwa na kiboga chake chini, kidogo kama ushanga. Lisipofikiwa na chavua ya ua la kiume, kiboga hugeuka manjano, hunyauka, huanguka. Siku hizi yeye mwenyewe huamka alfajiri, huchuma ua la kiume, huliambua, akalipaka lile la kike. Kazi ya nyuki hiyo, anaifanya mama mwenye watoto wa kupeleka shule.

Nyoka si hofu ya bure, ila ukanda wa kando ya njia ukifyekwa, watoto watapita kwa usalama. Mbu je? Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na hayo tunayo majumbani, kwenye madumu. Kivumbasi chenyewe bibi zetu walikifukizia mbu.

Penye uzito ni mwarobaini. Ni mti wa Asia, hujiotea wenyewe na umeshaingia hata misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Wanaotaka uondoke wana sababu. Lakini tukumbuke machimbo ya saruji ya Bamburi. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu pale aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje, mti wa kigeni nao, ukiwamo. Majongoo wakala majani yake makavu, udongo ukapatikana, ndipo miti mingine ikaweza kufuata. Mgeni alimtengenezea mwenyeji kitanda.

Kwa hiyo mimi ningeacha ile miarobaini miwili mikubwa inayotupa kivuli, ning'oe miche yake kila mvua ikinyesha, na kivumbasi kipandwe masika yakianza. Mkwaju utahitaji kumwagiliwa mwaka wa kwanza, hasa Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mifereji imekauka. Zamu ya kubeba madumu ya maji hayo haijaandikwa jina la mtu hata mmoja.