Yeye Hupewa Machozi, Mwenzake Hupewa Sababu

Nina ugomvi wa siku nyingi na waandishi wa tamthilia za televisheni, na leo nautoa. Si ule wa kwamba hawaweki wanawake kwenye vyeo. Wanawaweka, tena siku hizi bila ubahili: marais, mawaziri wakuu, majenerali, wakuu wa upelelezi. Ugomvi wangu unaanza mwanamke akishaketi kwenye kiti. Mwanamume mwenye cheo akifanya jambo zito, mwandishi hutupitisha kwanza kichwani mwake, tukajua alipima nini na nini kabla hajaamua. Mwanamke akifanya jambo la uzito uleule, tunaonyeshwa uso wake.

Chukua Star Trek, msururu wa tamthilia za safari za anga za juu, maana ina manahodha wengi wa kulinganisha na wote wanafuata sheria za kikosi kimoja. Katika tamthilia ya Deep Space Nine, kuna sehemu ya mwaka 1998 iitwayo "In the Pale Moonlight". Nahodha Benjamin Sisko anashiriki kughushi ushahidi ili kuwavuta Waromulani, taifa jingine la anga, waingie vitani upande wake, na njama hiyo inaishia kwa seneta wao kuuawa. Ni doa kubwa, na Sisko mwenyewe analijua. Lakini sehemu nzima imejengwa kama nahodha anayesimulia shajara yake, uso kwa uso na kamera: majina ya waliokufa anayobandika ukutani kila Ijumaa, hatua ya kwanza, hatua ya pili, pale ambapo angeweza kurudi nyuma na hakurudi. Akimaliza, anaifuta shajara. Mashabiki wengi wanaiweka miongoni mwa sehemu bora kuliko zote katika historia ya Star Trek, na mimi nimo.

Sasa mtazame Nahodha Kathryn Janeway wa Voyager, tamthilia iliyoanza mwaka 1995 na ya kwanza ya Star Trek kuongozwa na nahodha mwanamke. Katika sehemu ya mwaka 1996 iitwayo "Tuvix", mashine ya kusafirisha watu inaharibikiwa na kuwaunganisha watu wawili wa chombo chake, Tuvok na Neelix, wakawa mtu mmoja mpya. Mtu huyo ana akili zake na anataka kuishi. Njia ya kuwatenganisha inapopatikana, anakataa. Anawageukia wenzake mmoja mmoja katika chumba cha usukani akiomba msaada, nao wanainamisha macho. Daktari wa chombo anagoma kuifanya kazi hiyo. Janeway anaifanya kwa mkono wake mwenyewe, anatoka, anatembea kwenye korido, kamera inamkazia usoni, basi. Imekwisha. Sehemu inayofuata, kana kwamba hakijatokea kitu.

Nisimwonee mwandishi: Janeway anapewa sentensi chache za kujieleza, kwamba lazima asemee wawili ambao hawawezi tena kujisemea. Ni hoja nzito kweli. Lakini inapita kama salamu za njiani, halafu mzigo wote anaachiwa Kate Mulgrew aubebe kwa misuli ya uso. Ameubeba vizuri mno, ila kazi ya mwigizaji si kuziba pengo aliloacha mwandishi. Matokeo yake, hadi leo kuna mashabiki wanaomwita Janeway muuaji, na Sisko wanamwita mtu mwenye kina. Tofauti ya makosa yao ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye dakika walizopewa za kufikiri mbele yetu.

(Na tukiwa bado kwa Janeway: matukio ya sehemu ya kwanza kabisa yalirudiwa kupigwa kwa sababu wakubwa wa uzalishaji hawakuridhika na nywele zake. Nywele! Nahodha wa kiume aliyemtangulia katika The Next Generation alikuwa na kipara, na chombo kilikwenda.)

Ukishaiona tofauti hii mara moja, utaiona kila mahali. Rais Jed Bartlet wa The West Wing, tamthilia ya Ikulu ya Marekani, mwaka 2002, anaamua kumuua kwa siri waziri wa ulinzi wa nchi ya kigeni, mtu mwenye kinga ya kidiplomasia, na ushahidi uliopo hauwezi kusimama mahakamani. Ni uamuzi wa kutisha. Bartlet anaufikia baada ya sehemu kadhaa za mabishano, na msaidizi wake mkuu, na mkuu wa majeshi, na dhamiri yake ya Kikatoliki. Unaweza kumkatalia hadi mwisho, lakini huwezi kusema hukuelewa.

Daenerys Targaryen wa Game of Thrones, malkia anayepigania kiti cha enzi, naye alikuwa hivyo misimu ya mwanzo. Alipowasulubu mabwana 163 wa mji wa Meereen, tulijua hesabu hiyo imetoka wapi: ni idadi ya watoto watumwa waliosulubiwa njiani kumngoja. Ukatili, ndiyo, lakini ukatili wenye hoja, na mtazamaji aliachiwa ajadiliane nao. Kisha ikaja "The Bells", Mei 2019. Mji umesalimu amri, kengele zinalia, yeye yuko juu ya joka. Kamera inamkaribia: macho mekundu, pumzi juu juu, midomo inatetemeka. Hasemi neno. Anaruka na kuuteketeza mji pamoja na watoto waliomo, na tangu hapo hatuoni tena uso wake hadi sehemu inaisha. Tunabaki chini barabarani na wanaoungua.

Waliomtetea mwandishi walisema dalili zilikuwapo tangu zamani. Sikatai. Dalili hazitoshi kuwa sababu. Linaloniudhi zaidi ni kwamba mjadala kuhusu akili yake ulikuwapo, tena mrefu, ila ulifanywa na washauri wake Varys na Tyrion, wanaume wawili, yeye akiwa hayumo chumbani. Varys hata anahesabu uanaume wa Jon Snow, mwenye haki ya kudai kiti kilekile, kuwa sifa ya kutawala. Mtu anapimwa kama anafaa kiti, na anayepimwa hakupewa nafasi ya kusema anataka kufanya nini na kiti chenyewe.

Hapo ndipo naona tatizo linapoanzia hasa, kwenye kutaka. Waandishi hawajui wamfanye nini mwanamke anayetaka madaraka. Mwanamume anayeyataka ana ndoto, ana maono, ana njaa ya mafanikio. Mwanamke anayeyataka ama ni mwuaji, kama Claire Underwood wa House of Cards, ama ni kichekesho, kama Selina Meyer wa Veep. Veep naipenda, na inawacheka wanasiasa wote bila kuchagua, lakini bado. Anayetakiwa tumpende lazima awe hakuomba. Lazima abembelezwe.

Ndiyo maana wengi huingia kwa msiba. Mackenzie Allen wa Commander in Chief, mwaka 2005, ni makamu wa rais. Rais anaugua, chama kinamtaka ajiuzulu ili apishwe mwingine, rais anakufa, anaapishwa. Elizabeth McCord wa Madam Secretary ni profesa anayejiishia zake. Waziri wa mambo ya nje anakufa kwa ajali ya ndege, anafuatwa nyumbani. Laura Roslin wa Battlestar Galactica ni waziri wa elimu, wa 43 katika mstari wa kurithi urais, na ili afike pale ilibidi karibu wanadamu wote wafe. Hebu fikiria: mwandishi aliona ni rahisi zaidi kuangamiza sayari 12 kuliko kumpigia mama kura.

Hata hivyo Roslin namweka kando, kwa sababu akishaingia, waandishi wake wanamheshimu. Ana ubao mweupe wenye idadi ya watu waliosalia hai, na anaurekebisha mwenyewe, akifuta na kuandika upya. Anapopiga marufuku utoaji mimba, ilhali haki hiyo aliipigania maisha yake yote, tunaiona ile namba, tunaona anavyoichukia, tunaona anatia saini. Anajaribu kuiba uchaguzi na tunajua anamwogopa nani akishinda. Wapo watazamaji waliomchukia kwa yote mawili. Safi kabisa. Walimchukia kama kiongozi, kwa uamuzi wake, wala si kwa sauti yake au kwa kukosa tabasamu.

Jambo lingine ni bili ya nyumbani. Birgitte Nyborg wa Borgen, tamthilia ya Denmark iliyoanza mwaka 2010, ni waziri mkuu aliyeandikwa kwa akili nyingi. Majadiliano yake ya kuunda serikali ni starehe kuyatazama, kitu ambacho sikutarajia kukisema kuhusu mikutano ya kamati. Yeye na mumewe Philip walikuwa na makubaliano ya kupokezana zamu ya kujenga kazi. Siasa zinavunja makubaliano, Philip analazimika kuacha kazi nzuri aliyoipata, na msimu wa kwanza unapoisha ndoa nayo imekwisha. Msimu wa pili binti yao anaugua wasiwasi hadi anapelekwa kliniki, na mama anachukua likizo ya uwaziri mkuu.

Bartlet naye alimwahidi mkewe atakaa muhula mmoja tu. Akavunja ahadi, tena akiwa anaficha ugonjwa wake kwa taifa zima. Mkewe alikasirika, wakagombana kwa maneno matamu ya kuandikwa, akagombea tena, akashinda, ndoa ikasimama. Sisemi Borgen ilipaswa kudanganya kwamba mwanamke haumii. Nauliza tu kwa nini risiti inatolewa kwa mmoja na mwingine anaambiwa aende tu, tutaelewana.

Najua nitajibiwa kwamba ulimwengu wenyewe ndivyo ulivyo, mwandishi anaakisi. Wakati mwingine ni kweli, na tamthilia inayohusu ubaguzi si lazima iwe ya kibaguzi. Mfano wangu wa siku zote ni Prime Suspect ya mwaka 1991, iliyoandikwa na Lynda La Plante. Mpelelezi Jane Tennison anapata kesi ya mauaji baada ya mkuu aliyekuwa nayo kufa kwa moyo (msiba tena, ila huyu angalau aliiomba kesi waziwazi). Kikosi kinamnunia, kinamficha mambo. Mwanamume anayeishi naye anaondoka baada ya kazi kuharibu chakula cha jioni cha wageni wake wa biashara. Yote hayo yamo. Lakini kitovu cha hadithi ni kwamba Tennison anakuta maiti imetambuliwa kimakosa, na kwamba yule mkuu marehemu aliyeliliwa na wote alikuwa na mambo ya kuficha. Akili yake ndiyo inayosukuma hadithi. Kero za wanaume ni mawe njiani, hazikugeuzwa kuwa safari. Mwandishi wa kibaguzi hufanya kinyume: anaonyesha mawe msimu mzima, kisha anashangaa kwa nini mama hakufika.

Je, tiba ni kuajiri wanawake wawe waandishi? Kiasi. Game of Thrones ilikuwa na wanawake wawili tu waliotajwa kama waandishi wa sehemu zake, Jane Espenson na Vanessa Taylor, na baada ya msimu wa tatu hakuna sehemu iliyobeba jina la mwandishi mwanamke. Sidhani hilo halina uhusiano na ile sura isiyosema neno juu ya joka. Lakini mwanamke naye hukulia kwenye hadithi zilezile na huajiriwa na watu walewale, na mazoea hayaulizi jinsia ya anayeshika kalamu.

The Diplomat ya Debora Cahn, iliyoanza mwaka 2023, inanionyesha pande zote mbili. (Kama hujaumaliza msimu wa pili, ishia hapa.) Balozi Kate Wyler anaandaliwa kuwa makamu wa rais, na bila shaka hautaki umakamu, na bila shaka nywele zake na suruali zake ni mada ya kikao. Nilikuwa nimeshakata tamaa nayo. Kisha anatokea makamu wa rais aliyepo, Grace Penn, anayechezwa na Allison Janney, na inabainika kwamba wazo la shambulio dhidi ya meli ya kivita ya Uingereza, ya rafiki mkubwa wa nchi yake, lilitoka kwake. Kate anamwendea akiwa amejaa hasira. Penn halii. Anamvuta kwenye ramani na kuanza kumwonyesha: nyambizi za Urusi zinapita hapa, kituo chetu cha nyambizi za nyuklia kipo Uskoti, Uskoti ikijitenga tunakipoteza, tukikipoteza tunabaki na nini? Bahari kwa bahari. Na Kate, pamoja nasi, anaishiwa maneno, kwa sababu hesabu imekaa sawa na bado ni uovu.

Hicho ndicho ninachodai, hicho tu, ramani na dakika kumi za kuieleza. Penn amefanya jambo baya kuliko la Sisko, na nimemwelewa kama nilivyomwelewa Sisko.

Halafu, kabla sehemu haijaisha, rais akaanguka na kufa, na Grace Penn akawa rais. Allison Janney huyuhuyu, katika The West Wing, alipandishwa kuwa msaidizi mkuu wa Ikulu baada ya mtangulizi wake kushikwa na ugonjwa wa moyo. Miaka karibu 20 imepita kati ya kifua kile na hiki, na bado hakuna mwandishi aliyepata ujasiri wa kumwachia dada huyu aombe kazi, ashindane, ashinde.